Maji ya kunywa Nairobi: mwongozo kwa familia inayohamia kutoka nje

Anayehamia Nairobi kutoka Dar es Salaam, Bujumbura au Bukavu huuliza mapema sana: je, maji ya bomba ya hapa yananyweka? Jibu moja halipo, kwa sababu bomba moja la jikoni huweza kutoa maji tofauti kwa siku tofauti za wiki hiyohiyo. Leo ni ya kampuni ya jiji, keshokutwa ni ya kisima cha jengo, mwisho wa wiki ni yaliyoletwa na lori. Kila maji yana kasoro yake, na dawa ya kasoro moja haigusi nyingine. Ndiyo maana sianzi na kuchemsha. Naanza na kujua unachokunywa.

Maelezo haya ni ya mpangaji wa kawaida: chumba kimoja Kayole, vyumba viwili Kasarani, ghorofa Pipeline au South B. Hayahitaji mtambo wa bei kubwa. Yanahitaji maswali machache, sufuria, chupa ya klorini na chombo kimoja kizuri.

Hatua ya 1: Uliza kabla hujalipa kodi

Anayejua habari za maji ni msimamizi wa jengo, ambaye hapa kila mtu humwita keateka. Mwulize kwa heshima na kwa uwazi: "Maji ya hapa ni ya kanjo au ya kisima? Huja siku gani? Yakikatika mnaleta kutoka wapi?" Kisha waulize na majirani, hasa kina mama wenye watoto wadogo, maana keateka anataka nyumba ipate mtu. Majibu yatakuwa mojawapo ya haya matatu, au mchanganyiko wake.

*Maji ya kanjo* ni ya kampuni ya maji ya jiji. Sehemu kubwa hutoka bwawa la Ndakaini, Murang'a, chini ya milima ya Aberdare. Mengine hutoka Sasumua, Ruiru na chemchemi za Kikuyu. Maji ya Ndakaini husafishwa kwenye mtambo wa Ng'ethu: hutiwa shabu tope lishuke, huchujwa, kisha hutiwa klorini. Yakitoka pale ni maji mazuri, mepesi, yasiyo na chumvi. Yanaharibikia njiani.

Jiji linahitaji maji mengi kuliko yanayopatikana, kwa hiyo kuna mgao, na mtaa hupata maji siku fulani tu. Bomba likiwa limejaa na lina nguvu, maji husukuma kutoka ndani kwenda nje. Hata pakiwa na ufa, uchafu hauingii. Likikauka, nguvu hiyo hupotea, na majitaka yaliyotuama kando ya bomba hupenya ndani kupitia ufa uleule. Siku maji yanaporudi, yale ya kwanza husukuma uchafu huo hadi kwako. Mitaa ambayo mipira ya maji hupita ndani ya mitaro ndiyo iliyo hatarini zaidi. Kwa hiyo maji yakirudi, yaache ya kwanza yatoke mpaka yawe maangavu. Yakinge kwenye ndoo ya kupigia deki, usiyamwage bure. Kampuni hutangaza ratiba ya mgao ya kila mtaa. Itafute, ibandike jikoni.

*Maji ya kisima* hutoka ardhini, katika visima virefu vilivyochimbwa kwa mashine. Majengo mengi ya Nairobi yana kisima chake, na ukihamia Rongai, Kitengela au Syokimau, ambako wapangaji wengi hukimbilia kwa sababu ya kodi, tegemea kukutana nayo. Wenyeji huyaita maji ya chumvi. Huwa maangavu kabisa, na hapo ndipo yanapodanganya watu. Nitayarudia, kwa sababu kasoro yake haionekani wala haifi kwa moto.

*Maji ya boza na ya mkokoteni* asili yake hujui. Boza moja linaweza kuwa limejaza kwenye kituo halali cha kampuni, jingine kwenye kisima kisichopimwa. Maandishi ya "maji safi" ubavuni mwa lori hayathibitishi chochote. Yachukulie kuwa machafu mpaka uyatibu. Hali ni hiyohiyo kwa mitungi ya lita 20 inayosukumwa mtaani: hata kama maji yalikuwa safi pale yalipotekwa, mtungi wenyewe unaweza kuwa umebeba mengi.

Katika baadhi ya mitaa ya mabanda kuna vioski vya kampuni na mashine za kadi ambazo watu huziita ATM za maji. Zilipowekwa Mathare mwaka 2015, mtungi wa lita 20 uliuzwa senti 50 tu. Kama ipo karibu nawe na inafanya kazi, itumie kuliko kununua kwa mpita njia, ila maji yake uyatibu nyumbani vilevile, kwa sababu yatapita kwenye mtungi wako na mikononi mwako.

Hatua ya 2: Panda juu ukaone tangi

Watu wengi hawafanyi hivi, na ningependa kila mpangaji afanye. Maji ya jengo hulala kwanza kwenye tangi la chini ya ardhi, kisha pampu huyapandisha hadi matangi ya juu. Omba kuonyeshwa yote mawili. Angalia mambo manne: kifuniko kinafunga sawasawa, hakuna ufa, tangi la chini haliko jirani na shimo la choo wala mkondo wa majitaka, na keateka anaweza kukutajia lini lilioshwa mara ya mwisho. Mara moja kila miezi sita ni desturi nzuri. Akijibu "halijawahi", usikasirike. Zungumza na wapangaji wenzako, mpeleke mwenye nyumba ombi moja la pamoja, kwa maandishi. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, ibara ya 43, inampa kila mtu haki ya maji safi na salama ya kutosha, na neno lililotumika ni kila mtu, si raia peke yake. Mgeni una haki ya kuuliza.

Hatua ya 3: Tenga maji ya kunywa

Usijaribu kutibu maji yote ya nyumba. Utachoka na utaacha. Familia ya watu wanne ikiwa na lita 20 zilizotibiwa kwa siku, inatosha kwa kunywa, kupiga mswaki, kuosha matunda na kachumbari, na kubaki. Ya kuoga, kufua na chooni hayahitaji kazi hiyo. Muhimu ni vyombo visichanganyike: weka alama, hata kipande cha kitambaa chekundu, kwenye mtungi wa maji ghafi, na kila mtu nyumbani, pamoja na dada wa kazi na wageni, ajue.

Hatua ya 4: Ua vijidudu

Kipindupindu, homa ya matumbo na kuhara kwa watoto huenezwa na kinyesi kilichoingia kwenye maji au chakula. Nairobi imepata milipuko ya kipindupindu zaidi ya mara moja, ule wa 2017 ukiwamo, na haikuwa shida ya mitaa ya mabanda peke yake. Basi hatua hii ni ya kila siku, siyo ya msimu.

Kama maji yana tope, anza kwa kuyatuliza. Yaache saa kadhaa, mimina ya juu taratibu, yapitishe kwenye kitambaa cheupe cha pamba kilichokunjwa mara nne. Tope hukinga vijidudu na hula klorini, kwa hiyo ukiruka hatua hii dawa yako itafanya kazi nusu.

*Kuchemsha* ndiyo njia ninayoiamini kuliko zote kwa vijidudu, maana huua bakteria, virusi na hata vimelea vyenye gamba gumu ambavyo klorini hushindwa. Kuna jambo la Nairobi la kulijua hapa. Jiji liko juu, karibu mita 1,700 kutoka usawa wa bahari, na maji hutokota kwenye nyuzi 94 hivi badala ya 100 za Dar es Salaam au Mombasa. Wageni wengine wakisikia hivyo huchemsha nusu saa nzima na kumaliza gesi. Si lazima. Vijidudu vya maradhi hufa vizuri hata kwenye nyuzi 70 na kuendelea. Nyuzi 94 ni nyingi mno kwao. Subiri maji yatokote kwa nguvu, mapovu makubwa yapande mfululizo, hesabu dakika moja, zima. Ukiwa sehemu zilizo juu zaidi ya mita 2,000, kama Limuru, hesabu dakika tatu. Birika la umeme linalojizima lenyewe baada ya kutokota linatosha vilevile.

Funika sufuria, yaache yapoe humohumo. Usiyapoze kwa kuyamimina huku na huku kati ya vikombe, wala usiongeze maji baridi. Kama unatumia jiko la makaa, chemshia nje au dirisha likiwa wazi. Moshi usioonekana wa makaa umeua watu waliofunga milango kwa sababu ya baridi ya Julai.

*Klorini* ni rahisi zaidi kwa bei, na ndiyo ninayoshauri kwa anayepanga chumba na kupikia mtungi mdogo wa gesi. Maduka ya dawa na maduka ya rejareja huuza WaterGuard ya maji na vidonge vya Aquatabs. WaterGuard hupimwa kwa kifuniko chake: kimoja kwa lita 20 za maji maangavu, viwili yakiwa na ukungu. Vidonge vipo vya ukubwa tofauti; cha miligramu 67 ni cha lita 20, kwa hiyo soma pakiti kabla hujatumbukiza. Koroga, funika, subiri dakika 30 kamili. Baada ya hapo maji yanapaswa kuwa na harufu ndogo ya klorini. Hiyo ni habari njema: maana yake dawa imebaki ya kulinda hata kama mtoto atachovya kikombe. Harufu ikikusumbua, acha maji yakae kwenye jagi la wazi ndani ya friji saa chache. Usitumie dawa ya kung'arisha nguo yenye manukato au sabuni ndani yake.

Siku za jua kali, chupa ya plastiki isiyo na rangi, ya lita 2 au chini, ikijazwa maji maangavu na kulazwa juu ya bati kwa muda wa saa 6, jua huua vijidudu. Njia hii iliwahi kufundishwa sana Kibera. Mawingu yakitanda huhitaji siku mbili, na kati ya Juni na Agosti Nairobi hukaa na mawingu wiki nzima, kwa hiyo iwe akiba tu.

*Chujio la udongo wa kufinyanga au la nyuzi laini* linafaa kwa mwenye uwezo wa kulipia mara moja. Huzuia bakteria vizuri. Virusi ni vidogo mno kwa mengi ya machujio hayo, basi ongeza klorini baada ya kuchuja iwapo kuna mlipuko. Lile jagi lenye makaa peke yake hubadilisha ladha na kuondoa harufu, halikukingi na kipindupindu. Wauzaji wengi hawalisemi hili.

Hatua ya 5: Kama ni maji ya kisima, jihadhari na floraidi

Miamba ya Nairobi ilitokana na volkano, na maji yanayokaa humo muda mrefu hunyonya floraidi, madini yanayoyeyuka kutoka mwambani. Kiwango cha juu kinachokubaliwa na Shirika la Afya Duniani ni miligramu 1.5 kwa lita. Visima vingi vya Nairobi na viunga vyake huvuka hapo. Msomaji aliyetoka Arusha au Meru ya Tanzania hahitaji kuelezwa zaidi, ameyaona meno ya kahawia ya watu waliokulia kwenye maji ya aina hiyo. Madoa huingia wakati meno yanaundwa ndani ya fizi, tangu uchanga hadi kama miaka minane, na hayasuguliki. Kiwango kikiwa kikubwa sana kwa miaka mingi, mifupa nayo huumia.

Sasa sikiliza vizuri: kuchemsha hakuondoi floraidi. Kunaiongeza ukali, kwa kuwa maji hupungua kwa mvuke na floraidi hubaki yote. Klorini haiigusi. Makaa ya kawaida hayaiondoi. Mama anayechemsha maji ya kisima kwa bidii kila asubuhi anamkinga mwanawe na kuhara, huku floraidi ikiingia kinywani mwake kila siku, na hakuna aliyemwambia.

Dalili za kukutilia shaka ni ladha ya magadi kidogo, chai isiyo na utamu uliouzoea, na madoa meupe kwenye glasi iliyokauka. Kile kipimo kidogo cha TDS kinachouzwa madukani husaidia kutofautisha: maji ya kanjo hutoa namba ndogo, ya kisima mara nyingi hufika mamia. Lakini kipimo hicho huhesabu chumvi zote kwa jumla. Hakitaji floraidi, wala hakioni kijidudu hata kimoja.

Jibu la uhakika hutoka maabara, kama ile ya KEBS, yaani Shirika la Viwango la Kenya, au ya Mkemia wa Serikali. Wapangaji mkichanga, gharama hugawanyika. Omba vipimo viwili: floraidi, na bakteria wa kinyesi, yaani E. coli, ambayo inatakiwa iwe sifuri katika mililita 100. Sampuli ya bakteria huwekwa kwenye chupa iliyotakaswa utakayopewa na maabara, ihifadhiwe kwenye baridi na ifike siku hiyohiyo. Kisima kikishapimwa floraidi, matokeo hayo utayatumia muda mrefu, maana hayabadiliki kila wiki kama vijidudu.

Floraidi ikizidi, una njia hizi. Mtambo wa kuchuja kwa utando, ule unaoitwa RO, huiondoa. Upo wa kufunga chini ya sinki, lakini hutupa maji mengi na utando hubadilishwa kwa wakati. Vichujio vya makaa ya mifupa ya ng'ombe huiondoa pia. Vimetumika Nakuru, na kule Tanzania kituo cha Ngurdoto kimevifanyia kazi miaka mingi. Maji ya mvua hayana floraidi ya kutaja: yakinge ya bati baada ya mvua ya kwanza kuosha vumbi, yatie klorini. Au nunua ya kunywa peke yake na kuacha ya kisima kwa kazi nyingine, na hili ndilo familia nyingi zenye watoto hufanya. Bajeti ikibana, walio chini ya miaka minane wapewe kwanza.

Mtoto wa chini ya miezi sita anyonye tu, asipewe maji yoyote. Akilazimika kupewa maziwa ya kopo, tumia maji yenye floraidi kidogo, yachemshe, uyachanganye na unga yakiwa bado moto, yasishuke chini ya nyuzi 70, kisha upoze chupa kabla ya kumpa.

Hatua ya 6: Ukinunua maji, kagua duka

Kila mtaa una vibanda vya kujaza chupa za lita 20 kwa maji yaliyopitia RO. Vingine ni safi sana. Vingine vina mashine nzuri na bomba la kujazia lililojaa utelezi. Ingia ndani, tazama kama muuzaji huosha chupa ndani kabla ya kujaza, kama anashika mdomo wa chupa kwa vidole, kama kibali cha KEBS na leseni ya kaunti vimebandikwa. Mwulize lini alibadilisha vichujio. Akikuonyesha namba ndogo ya TDS kama ushahidi kwamba maji ni salama, unajua tayari kuwa huo ni ushahidi wa chumvi tu.

Kwa maji ya chupa yenye lebo, namba ya kibali iliyo chini ya alama ya KEBS unaweza kuihakiki kwa ujumbe mfupi: andika SM#, ikifuatiwa na namba hiyo, tuma kwa 20023. Jina likirudi tofauti na lililo kwenye chupa, usinywe.

Hatua ya 7: Hifadhi

Kazi yote uliyofanya huharibika kwa kikombe kimoja kilichochovywa. Tafuta chombo chenye kifuniko na koki, au mtungi wenye mdomo mwembamba usioingiza mkono. Mtungi wa udongo wa nyumbani hupoza vizuri ajabu, ila uwe na kata yenye mpini mrefu inayoning'inizwa, isiwekwe mezani. Osha chombo kwa sabuni kila wiki, koki pamoja, suuza kwa maji yenye klorini. Ukiona utelezi ndani, sugua, usisuuze tu. Maji yaliyochemshwa hayana ulinzi wowote ndani yake. Yatumie kabla saa 24 hazijaisha. Dumu lililowahi kubeba mafuta au dawa ya shambani lisitumike hata ukilisugua mara mia.

Hatua ya 8: Mvua kubwa, na mtu akiugua

Masika ya Machi hadi Mei hujaza mitaro, na matangi ya chini huvamiwa. Mafuriko ya Aprili 2024 yalifunika mitaa mizima. Maji yakifika kwenye tangi la jengo, msiyanywe hata kidogo, hata yakichemshwa, mpaka tangi limwagwe, lisuguliwe na litiwe klorini, kwa sababu mafuriko hubeba mafuta na kemikali ambazo moto hauzitoi.

Mtu akianza kuharisha majimaji mfululizo, rangi kama maji ya mchele, msisubiri kuche. Mpelekeni hospitali ya karibu mara moja, na njiani aendelee kunywa mchanganyiko huu: lita moja ya maji yaliyotibiwa, vijiko vidogo sita vya sukari vilivyosawazishwa, nusu kijiko kidogo cha chumvi, au pakiti ya ORS, chumvi maalumu za kurudisha maji mwilini, kutoka duka la dawa. Mtoto anayenyonya aendelee kunyonya. Wakati huohuo mtu mmoja abaki nyumbani amwage maji yote yaliyohifadhiwa, aoshe vyombo kwa klorini, kisha agonge milango ya majirani na amwambie keateka usiku huohuo, kwa sababu tangi ni la wote.